Neno moja, fasili moja

Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Mwingereza walikutana hapa Mombasa, wakateua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wapenzi wa Kimvita hawajausahau uamuzi huo. Hata hivyo, hoja iliyousukuma ilikuwa na uzito: kitabu asomacho mwanafunzi na mtihani atakaofanya sharti vitumie maneno kwa maana ile ile.

Hoja hiyo sasa yawahusu waundaji wa mashine zinazojifunza. Mashine ya namna hii hufunzwa kwa kumbukumbu za zamani, kisha hupelekwa kazini kutoa majibu papo kwa papo. Kotekote hutegemea sifa zilizofasiliwa: umbali, saa, wastani wa muda wa kungoja. Mara nyingi fasili ya mafunzoni huandikwa na mtu mmoja, na ya kazini na mwingine. Hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue neno umbali. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Likoni ni karibu mno na Mji wa Kale. Lakini gari sharti lingoje feri au lizunguke mbali kupitia Dongo Kundu. Mashine iliyofunzwa kwa umbali wa njia, ikapewa kazini umbali wa mstari, itakadiria muda na nauli visivyolingana na safari. Haitazimika wala kulalamika. Itakosea kimyakimya, na atakayeumia ni dereva au abiria.

Au neno saa. Asemapo Mswahili saa mbili asubuhi, Mzungu husema saa 8, na tarakilishi inayofuata majira ya Greenwich huandika 5. Wakati ni ule ule mmoja!

Kampuni ya Uber, ambayo huduma yake iliingia Mombasa mwaka 2016, ilieleza hadharani mwaka 2017 mfumo wake uitwao Michelangelo. Wahandisi wake waliunda ghala moja la sifa, pamoja na lugha ndogo maalumu ya kuzifasili, ili usemi ule ule utumike mafunzoni na kazini. Bila shaka hiyo ni hekima ambayo mwanaleksikografia yeyote angeitambua.

Lakini yafaa tukumbuke funzo la 1928: fasili moja si lazima iwe fasili sahihi. Umbali wa mstari ukitumika kotekote, mashine itakuwa na msimamo, ila haitakuwa na habari za kivuko. Usanifishaji huondoa utata; hauondoi swali la ni nani aliyeketi mezani fasili ilipoandikwa.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 35, humpa raia haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee. Haki hiyo itakuwa maneno matupu iwapo hatujui mashine yaelewa nini isemapo "umbali". Kwa hivyo, yapasa fasili hizo ziandikwe mara moja, zitumike kotekote, na zifafanuliwe kwa Kiswahili ambacho dereva wa Likoni ataweza kukisoma na kukipinga.