Mtafiti Akibisha Hodi, Mama Naye Aulize

Akina mama wengi wa Kibera na Kawangware wamemzoea kijana mwenye karatasi mkononi. "Mama, niko na maswali kidogo tu." Mama anaacha kufua, anajibu: mko wangapi, mnakunywa maji ya wapi, mtoto aliharisha lini. Kijana anashukuru, anaenda zake, na mara nyingi majibu ya utafiti hayarudi tena. Je, sayansi hiyo ni ya nani?

Hatusemi utafiti ni mbaya. Kwa miaka kadhaa taasisi ya KEMRI na washirika wake kutoka Marekani walitembelea nyumba za Gatwekera na Soweto, Kibera, wakiuliza ni nani ana homa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa taifodi, yaani homa ya matumbo, iliwashika watoto wa Kibera zaidi sana kuliko wale wa mashambani kule Siaya. Kama akina mama hawangefungua milango, jambo hilo lingejulikanaje? Mwaka 2025 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya taifodi.

Lakini kuulizwa ni jambo moja, kushirikishwa ni lingine. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora ramani ya mtaa wao wenyewe, maana katika ramani nyingine Kibera ilionekana kama mahali patupu. Waliandika vyoo, maji, shule na zahanati. Hapo mwenyeji ndiye aliyekuwa mtaalamu. Na nani anajua ni kichochoro gani kina giza, na choo gani hakiendeki usiku, kama si mama na binti yake?

Jamii za asili nazo zimelia kilio hicho. Wasani wa kusini mwa Afrika walijua tangu zamani mmea wa hoodia, unaotuliza njaa. Wanasayansi wakauandikishia hataza bila kuwauliza wenyewe, na makubaliano ya kugawana faida yakaja mwaka 2003. Mwaka 2017 Wasani wakatoa kanuni zao kwa kila mtafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu.

Hata sisi tunaweza. Kabla ya kujibu au kutia sahihi, tuulize:

1. Umetoka wapi, na kibali cha NACOSTI kiko wapi?

2. Ni kamati gani ya maadili iliyopitisha utafiti huu, na nikiwa na malalamiko nipige simu gani?

3. Mnatafuta nini hasa? Nielezee kwa lugha ninayoielewa.

4. Mkichukua damu, itawekwa wapi na kwa muda gani?

5. Matokeo tutayapata lini, na nani atakuja kutueleza?

Kukataa si kosa. Hata ukishaanza, unaweza kuacha katikati, na haifai unyimwe matibabu kwa sababu hiyo.

Basi akina mama, katika vyama vyenu na jumuiya ndogo ndogo, someni maswali haya pamoja. Mmoja akiuliza peke yake ataonekana msumbufu. Ploti nzima ikiuliza, mtafiti atajipanga. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.