Kushindana na Saa Juu ya Kinga

Labda wewe unapanda kinga, yaani baiskeli, kila siku. Unabeba ndizi juu yake, makaa, chumvi ya kuuza, hata mgonjwa anayeletwa hospitali. Lakini labda hujapata kuona mashindano ya kinga ambayo watu wanatoka mmoja mmoja, kila mtu peke yake barabarani, naye hajui kama anashinda ama anashindwa mpaka mwisho. Hizi zinaitwa mbio za saa. Tunataka kukueleza habari zake katika kitabu hiki cha afya, kwa maana zinaonyesha wazi namna mwili unavyotumia nguvu, na namna mtu anavyojidanganya juu ya nguvu zake.

Zilianza Uingereza. Mwaka 1890 wakubwa wa chama cha wapanda kinga cha nchi ile walikataza mashindano ya barabarani, kwa sababu waliogopa kwamba serikali itawafukuza wote barabarani. Mwaka 1895 bwana mmoja, jina lake F. T. Bidlake, akapata shauri: wasitoke kwa kundi, watoke mmoja mmoja, wakiachana kwa muda, na saa iwapime. Walivaa nguo nyeusi, waliondoka mapema sana asubuhi, na njia yao ilikuwa siri. Mtu akiwaona, alifikiri ni watu wanaopita kwa shughuli zao. Hata leo njia nyingi za mbio hizi hazitajwi kwa jina la kijiji, ila kwa herufi na namba tu. Desturi hii ilibaki tangu siku zile za kujificha.

Basi fikiri kwamba wewe umefika huko mwezi wa sita, jioni ya siku ya kazi. Jua la huko halishuki upesi wakati ule wa mwaka. (Mashindano mengi yao yanafanywa asubuhi ya siku ya Mungu, na hapo Mkristo ana shida, lakini haya ya jioni hayagusi ibada.) Unaandikisha jina, unalipa feza kidogo, unapewa namba ya kufunga mgongoni. Hakuna anayelipwa hapa. Unaona mwalimu, fundi wa mabomba, msichana wa shule, na mzee mmoja wa miaka 70 mwenye miguu myembamba kama ya korongo. Njia ni maili 10, yaani kilomita 16: kwenda, kugeuka, kurudi.

Kabla hujafunga namba ile, jiulize maneno machache. Je, juzi ulikuwa na homa? Kama una homa, rudi nyumbani. Mwili unaopigana na ugonjwa hauna nguvu ya kugawa, na ugonjwa mwingine wa homa unagusa moyo wenyewe, tena mtu hajui. Je, macho yako ni meupe ndani, nawe unahema ukipanda kilima kidogo? Labda damu yako imepungua kwa malaria ama kwa safura. Damu ndiyo inayobeba hewa. Ikiwa chache, moyo unalazimishwa kukimbia mara mbili kwa kazi ya mara moja. Tibu damu kwanza, kinga itakungoja.

Hapa uvumilie tukueleze habari ya mwanamke mmoja, Beryl Burton, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1937. Alipokuwa mtoto alipata homa ya viungo, akalala hospitali miezi mingi. Sisi wa hospitali tunaujua sana ugonjwa huu. Mtoto anaumwa koo. Wazazi wanasema, Litapona. Na kweli koo linapona. Baada ya majuma mawili ama matatu, magoti na viwiko vinavimba, kimoja kikipoa kingine kinaanza, kisha ugonjwa unaingia moyoni. Unaharibu vile vilango vidogo vinavyofungua na kufunga njia ya damu. Magoti yatapona, lakini vilango vya moyo mara nyingi havirudi kama zamani. Koo lile likitibiwa mapema kwa penisilini, moyo unaweza kuokolewa. Ndiyo maana munganga anamwambia mtoto afungue kinywa hata kama mama amemleta kwa sababu ya magoti.

Burton alipona, akakua, akaolewa, na mume wake ndiye aliyemwingiza katika mambo ya kinga. Alifanya kazi ya shamba, kazi nzito ya kuinama na kubeba. Tangu 1959 mpaka 1983, miaka 25 bila kukosa hata mmoja, alikuwa wa kwanza kati ya wanawake wa Uingereza katika hesabu ya mbio za saa. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, alipita kilomita 446. Hakuna mwanaume wa nchi ile aliyekuwa amefika mbali hivyo. Njiani alimfikia Mike McNamara, mwanaume aliyekuwa mbele ya wanaume wengine wote siku ile. Alimpa peremende, akampita. Alifariki mwaka 1996, juu ya kinga yake, moyo uliposimama. Hakuwa amefika miaka 59. Basi usiseme, Yeye aliweza, mimi nami nitaweza. Kama munganga amekuambia moyo wako una shida, mwulize yeye, usimwulize Burton.

Tena usimeze vidonge vya mtu anayekuambia vinaleta nguvu. Mwezi wa saba wa mwaka ule ule wa 1967, Mwingereza mwingine, Tom Simpson, alianguka akafa huko Ufaransa, juu ya mlima Ventoux, katika mashindano ya Tour de France. Jua lilikuwa kali mno. Katika mwili wake waganga waliona amfetamini, dawa ya kufukuza uchovu, pamoja na pombe. Uchovu ni mlinzi wa nyumba. Dawa ile inamfunga mlinzi kinywa.

Sasa ni zamu yako. Mtu anashika kiti cha kinga, unaweka miguu yote miwili juu ya pedali, na mwenye saa anahesabu: tano, nne, tatu, mbili, moja. Moyo unapiga sana kabla mguu haujasukuma. Hiyo si hofu mbaya, ni mwili unajitayarisha.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Miguu ni mipya, hakuna maumivu, unasikia kama unaruka. Unamwona yule aliyetoka dakika moja mbele yako, unataka kumshika mara moja. Usimfuate. Misuli inachoma sukari, na kwa kuichoma vizuri inataka hewa, kama moto wa mhunzi unavyotaka mivukuto. Mapafu na moyo vinahitaji dakika mbili tatu ili vifikie kazi. Kama umezidi kipimo wakati ule, misuli inafanya kazi kwa njia ya pili, ya upesi lakini isiyodumu, nawe utalipa deni hilo njia yote. Pima hivi: mwanzoni mwa njia uweze kusema maneno mawili matatu kwa pumzi moja. Kama huwezi hata neno moja, umeenda mno.

Kisha kuna upepo. Hata siku isiyo na upepo unajitengenezea wako, na kadiri unavyokwenda mbio ndivyo hewa inavyokusukuma nyuma zaidi. Inama, kaza viwiko ndani. Kujificha nyuma ya mwenzako ni marufuku. Akikupita mtu, mwache aende. Ni kanuni ngumu, lakini sisi tunaipenda: hakuna wa kumlaumu.

Kwenye kugeuka, mtu anakuonyesha njia kwa mkono. Hapo miguu inawaka na kinywa ni kikavu. Kwa njia fupi hivi huna haja ya kunywa mengi, ukiwa umekunywa maji safi mchana. Shika mwendo ule ule. Katika kilomita mbili za mwisho toa kilichobaki, na ukipita mstari piga kelele namba yako, ili mwenye saa asikukose.

Usiruke chini mara moja! Damu nyingi iko miguuni, na miguu inayosukuma ndiyo inayoirudisha moyoni. Ukisimama ghafula unaweza kuzimia. Endelea polepole dakika tano ama kumi, vaa nguo kavu, kisha ingia katika nyumba ya mkutano ya kijiji, mahali pa chai na keki.

Ubao wa majina uko ukutani. Unatafuta lako: dakika 31 na sekunde 12. Kwa mgeni si vibaya. Mzee wa miaka 70 ameandikiwa 28 na sekunde 40. Amekaa karibu na dirisha, anakunywa chai yake, anakusogezea kiti.