Ghuba Zing'aazo Usiku na Sababu ya Kuingiwa kwa Kafi

Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki aliyetoka baharini usiku wa giza hushangai akiona maji yakimetameta pale kafi linapoyakata, au samaki akiacha mstari wa nuru anapokimbia wavu. Kwake jambo hilo ni la kupita tu. Lakini katika kisiwa cha Vieques, mashariki ya Puerto Rico katika Bahari ya Karibi, nuru ya aina hiyo imekuwa riziki ya watu. Wageni hulipa ili wapelekwe usiku katika ghuba iitwayo Mosquito, ambayo kitabu cha rekodi cha Guinness kimeitambua kuwa yenye mng'aro mkali kupita zote duniani. Habari zake zinavifaa vyama vyenye wanachama wanaoishi kwa bahari, kwani hapo pana mali isiyo ya mtu mmoja, ambayo mtu mmoja mmoja aweza kuipunguza bila kujua.

Nuru hiyo hutolewa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wa jamii ya dinoflajelata. Jina lao la kitaalamu ni Pyrodinium bahamense. Kila mmoja ni seli moja tu, na katika lita moja ya maji ya ghuba huwamo maelfu mengi. Maji yakitikiswa, asidi huingia katika vifuko vidogo sana ndani ya seli. Hapo kimeng'enya kiitwacho lusiferasi huamka, kikaiunganisha lusiferini na oksijeni, na nuru ya buluu hutoka kwa sehemu ndogo ya nukta, bila joto la kuhisika. Mchana hawawaki, wana saa yao ya ndani inayowaongoza. Wataalamu waona kuwa ni kinga: adui anayetaka kuwala hushtuka, na tena hujikuta amemulikwa mbele ya adui zake mwenyewe.

Viumbe hawa wako mahali pengi. Kinachowakusanya Mosquito ni umbo la ghuba yenyewe. Haina kina kirefu, na mlango wake ni mwembamba. Aidha, maji ya Karibi hupanda na kushuka kidogo mno, kiasi cha thuluthi ya mita au pungufu, na kwa hiyo viumbe hawafagiliwi wakatoka. Mtu wa Unguja au Mtwara, azoeaye bamvua linalopandisha maji zaidi ya mita tatu na kuziosha hori mara mbili kwa siku, atafahamu mara moja tofauti hiyo. Kandokando kuna mikoko, ndugu wa mikoko yetu. Majani yake huanguka, yakaoza, na kuyarutubisha maji. Anayekata mikoko hiyo, hata akiwa mbali na maji, anaikata nuru.

Ndipo ilipo sababu ya kafi. Injini ya mafuta humwaga mafuta na moshi, na panka lake huchafua sakafu ya ghuba isiyo na kina. Kayaki ni mtumbwi mwembamba, mara nyingi wa plastiki, wa mtu mmoja au wawili, unaokwenda kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Wakiwa wawili, mwenye nguvu zaidi hukaa nyuma, kwani yeye ndiye aongozaye. Kila mmoja huvaa jaketi la kujiokolea, na kiongozi huwaweka wote pamoja, maana gizani aliyeachwa nyuma haonekani. Kuogelea kumekatazwa. Wageni wengi hunung'unikia katazo hilo, lakini lina haki: dawa za kufukuza mbu na mafuta ya kukinga jua hutoka mwilini yakaingia majini, na walioingia jana na watakaoingia kesho si wachache.

Katika Puerto Rico hiyohiyo mfano wa pili upo, nao ni wa kusikitisha. Ghuba ya La Parguera, upande wa kusini-magharibi, ilisifika zamani kama Mosquito. Huko mashua za injini ziliruhusiwa, nyumba zikajengwa ufukoni na taa zake zikamulika maji. Mng'aro ulififia mwaka hata mwaka, na watafiti wakaona Pyrodinium wakipungua na dinoflajelata wa aina nyingine, wenye nuru hafifu, wakishika nafasi yao. Hakuna mwenye mashua aliyekusudia hasara hiyo. Kila mmoja alipeleka abiria wake tu.

Si kila giza ni kosa la binadamu, hata hivyo. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilipiga. Mikoko ilivunjika, na mvua ikajaza ghuba ya Mosquito maji matamu. Nuru ikatoweka, na safari zikasimama. Baada ya miezi kadhaa ilianza kurudi kidogokidogo. Waendesha safari hawakuwa na la kufanya ila kungoja, nao waliokuwa na kazi nyingine ya kushika ndio waliostahimili.

Hata bila kimbunga, kungoja ni sehemu ya kazi hii. Mwezi mpevu huifunika nuru ya maji, na kwa hiyo katika usiku wa karibu na mbalamwezi kamili waendesha safari wengi hawatoi kayaki hata moja. Mapato ya mwezi hupangwa kwa kuzitoa kwanza siku hizo.