Tezi Inapozidisha Kazi

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, imo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iitwayo thairoidi, ambayo hutumia madini joto yatokayo katika chakula kutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani. Homoni hizo zikizidi, moyo hudunda mbio hata mtu akiwa amelala, mikono hutetemeka, jasho hutoka wakati wengine wanajifunika, na uzito hupungua ilhali mgonjwa anakula kuliko kawaida yake.

La kusikitisha ni kwamba dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, kiasi kwamba mwanamke anayekonda hunong'onwa kuwa ana virusi vya Ukimwi, na anayelalamikia moyo huambiwa apunguze mawazo, wakati kipimo cha damu kingetosha kuonyesha ukweli. Kipimo hicho huangalia homoni za tezi pamoja na TSH, yaani homoni itokayo chini ya ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi, ambayo kwa kawaida hushuka sana tezi inapozidisha kazi.

Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, ambapo kingamwili, badala ya kupambana na vijidudu, huichochea tezi bila kukoma na mara nyingine huyafanya macho yatokeze. Chanzo kingine ni vinundu ndani ya rovu la miaka mingi: huko Kivu, mashariki mwa Kongo, chumvi yenye madini joto ilipoenea katika miaka ya 1990, baadhi ya wenye marovu walipatwa na hali hii, ingawa hilo si sababu ya kuiacha chumvi inayowakinga watoto na kudumaa kwa akili.

Dawa ya kabimazoli huzuia tezi isitengeneze homoni, na propranololo hutuliza moyo kwa wasio na pumu. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache wakaacha vidonge, ilhali matibabu ya Graves huhitaji miezi 12 hadi 18. Anayetumia kabimazoli akipata homa au maumivu makali ya koo, asimamishe dawa na apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwa nadra dawa huziangusha. Naye anayetarajia mimba amweleze daktari mapema, ili dawa ibadilishwe ikibidi. Ugonjwa ukirudi, tezi huweza kupunguzwa nguvu kwa madini joto yenye mionzi au kuondolewa kwa upasuaji, na wengi wa waliotibiwa hivyo humeza kidonge cha homoni kila asubuhi maisha yao yote.