Nafasi moja ndani ya bisi: mama mwenye puseti na mlemavu, nani atangulie?

Wasomaji wetu, batata na bamama wa kazi ya mine, leo tunawaletea shauri moja lililotoka Uingereza na kupanda mpaka kwa majuji wakubwa kabisa wa inchi ile. Si shauri la mauaji, wala la siasa. Ni shauri la nafasi ndani ya bisi, ile nafasi ya urefu wa metre 1,30 na upana wa sentimetre 75. Juu ya kipande hiki kidogo cha chini, watu walipelekana tribinali karibu miaka tano.

Mtauliza: inatuhusu nini, siye wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi? Inatuhusu sana. Katika kazi yetu, mtu anaweza kutoka asubuhi na miguu yake miwili, na baada ya jiwe moja kuanguka arudi nyumbani na magongo. Na bibi yake, mwenye mtoto mgongoni, anangojea bisi mahali pale pale. Wote wawili wako na shida ya kweli, na mlango wa bisi ni mmoja. Basi nani atangulie? Na nani aliye na mamlaka ya kusema?

Mambo yalivyopita Wetherby

Wetherby ni mji mdogo wa jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, karibu na mji mkubwa wa Leeds. Yorkshire ni inchi ya wachimbaji kama siye, ila wao walichimba makaa ya mawe. Mine ya mwisho ya chini ya udongo, Kellingley, ilifungwa huko mwezi wa 12 mwaka 2015.

Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2012, bwana mmoja jina lake Doug Paulley alifika kupanda bisi ya kwenda Leeds. Yeye anatembea na kiti cha mapine. Kule Leeds alitaka kukamata treni, apate kukutana na wazazi wake na kula nao chakula cha muchana.

Ndani ya bisi mulikuwa nafasi iliyotengwa kwa kiti cha mapine, na alama ukutani iliomba watu waiachilie kama mwenye kiti anaihitaji. Lakini siku ile mulikuwa mama mwenye puseti, kale kagari ka kusukumia mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala. Shofere akamuomba mama akunje puseti na asogee. Mama akajibu kwamba haikunjiki. Bwana Paulley akasema: basi nitakunja kiti changu mimi, nikae ku kiti cha kila mtu. Shofere akakatala, sababu hakukuwa namna ya kukifunga kile kiti kisitembee njiani. Mwisho, mlemavu ndiye alibaki chini. Alingoja bisi nyingine, treni ikamupita, akawafikia wazazi wake akiwa amechelewa saa moja.

Angalieni vizuri: hakuna mtu aliyetukana wala kupiga mwingine. Shofere aliomba kwa heshima, mama akajibu, bisi ikaenda. Lakini yule ambaye nafasi iliandikwa kwa ajili yake ndiye alibaki ku barabara. Bwana Paulley akaona hii si haki, akapeleka kampuni ya bisi, FirstGroup, mbele ya tribinali.

Nafasi ile ilitoka wapi?

Zamani mabisi ya Uingereza yalikuwa na ngazi ku mlango, na njia ya katikati ilikuwa nyembamba. Mwenye kiti cha mapine hakuweza kupanda hata kidogo. Katika miaka ya 1990 walemavu walichoka. Wakaenda ku barabara za London wakajifunga kwa minyororo ku mabisi, magari yote yakasimama, polisi ikawabeba. Mwaka 1995 serikali ikatoa sheria ya kukataza ubaguzi juu ya walemavu. Mwaka 2000 kukaja kanuni iliyosema kila bisi mpya kubwa iwe na nafasi ya kiti cha mapine pamoja na njia ya kupandia. Mabisi ya zamani yakapewa muda: yale ya gorofa moja mpaka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2016, yale ya gorofa mbili mpaka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2017.

Kwa hiyo nafasi ile haikuwa zawadi. Watu waliipigania.

Sasa, bamama wao walisafirije zamani? Walikunja. Mwaka 1965 fundi mmoja wa ndege, Owen Maclaren, ambaye alikuwa amefanya kazi juu ya miguu ya ndege za vita zinazoitwa Spitfire, alitunga puseti nyepesi ya aluminiamu inayokunjika kama mwavuli, yenye uzito wa kilo tatu hivi. Mama aliweza kushika mtoto kwa mkono mmoja na puseti kwa mkono mwingine, akapanda ngazi.

Lakini mabisi mapya yalipokuja, bila ngazi na yenye nafasi kubwa mbele, bamama wakaona: kumbe naweza kuingia na puseti wima, mtoto akiwa amelala! Na puseti zenyewe zikaanza kuwa kubwa na nzito. Hivyo, kitu kilicholetwa kwa ajili ya mlemavu kikamsaidia na mama, na huo ni wema. Shida inaanza siku wanapofika wawili pamoja.

Tusimhukumu mama haraka

Wengine wanaposikia habari hii wanasema mara moja: mama yule hana roho. Siye tunasema, ngojeni kidogo.

Mama anayesafiri peke yake na mtoto mchanga iko na mikono miwili tu. Kukunja puseti ni kumtoa mtoto, kumshika, kushusha mifuko ya soko, kukanyaga chuma, kuinua, na yote hayo bisi ikiwa inatembea. Kama kuna mtoto wa pili anayeshika nguo yake, kazi inazidi. Kama puseti ni ya mapacha, haiingii popote. Na kama ataambiwa ashuke mu mvua, ni mtoto ataumia. Bamama wetu, wanaojua kuhamisha mtoto toka mgongoni mpaka ku mapaja ndani ya motokari iliyojaa, wanaelewa habari hii kuliko majuji.

Iko tofauti moja tu, na ndiyo inayoamua. Puseti nyingi zinakunjika, na mtoto anaweza kushikwa mikononi. Kiti cha mapine ni miguu ya mtu. Mama iko na shida, lakini mara nyingi iko na njia nyingine, hata kama ni ya taabu. Mlemavu hana njia nyingine: ao nafasi ile, ao barabara.

Majuji walisema nini?

Mwaka 2013 tribinali ya Leeds ilimpa haki bwana Paulley, na ikaamuru kampuni imlipe pauni 5.500. Juji alisema kampuni ilipaswa kuwa na kanuni ya nguvu: nafasi ni ya mlemavu kwanza, na asiyetoka anaweza kushushwa.

Kampuni ikakata rufaa. Mwezi wa 12 mwaka 2014 majuji wa rufaa wakageuza maneno. Wakasema kampuni inaweza kumuomba mtu asogee, lakini hailazimishwi kumshurutisha.

Shauri likapanda mpaka Tribinali Kuu ya London. Majuji saba wakakaa, na tarehe 18 mwezi wa kwanza 2017 wakatoa jibu lao. Mkubwa wao, Lord Neuberger, alieleza hivi: kuomba mara moja na kisha kunyamaza haitoshi. Kama mtu anakatala bila sababu nzuri, shofere anapaswa kufikiri hatua nyingine. Anaweza kugeuza ombi liwe amri. Anaweza pia kusimamisha bisi dakika chache, asiendeshe, mpaka haya imkamate yule anayekatala na wasafiri wenzake wamuangalie. Lakini majuji hawakusema kwamba kampuni inalazimishwa kumtupa mtu inje. Wakakubali pia kwamba mtu anaweza kuwa na sababu nzuri ya kutosogea.

Na zile pauni 5.500? Hakuzipata. Majuji wane juu ya saba waliona haikuonyeshwa kwamba mama yule angesogea kama shofere angesukuma zaidi. Basi bwana Paulley alishinda neno, makuta hapana. Watu wengi wa kule walifurahi nusu tu. Walijiuliza: shofere mwenye saa za kufuata, kweli atasimama dakika tano kwa ajili ya mtu mmoja?

Hata hivyo kuna jambo moja lililogeuka kabisa. Kabla ya hapo, haki ya mlemavu ilining'inia ku roho nzuri ya msafiri: akipenda anasogea, asipopenda basi. Sasa kuna mtu mmoja ndani ya bisi aliyepewa kazi ya kuilinda, naye ni shofere. Na makampuni mengine yameanza kununua mabisi yenye nafasi mbili, moja ya kiti cha mapine na moja ya puseti. Hapo ndipo ugomvi unaisha kweli, sababu wanaogombana walikuwa wasafiri wawili, lakini aliyepima nafasi kuwa moja ni kampuni.

Na siye huku?

Kwetu puseti ndani ya taksi-bisi ni kitu cha kuchekesha. Mtoto anapanda mgongoni, ndani ya kitenge. Lakini ugomvi ni ule ule. Ku kiti cha watatu wanakaa wane. Mama anaambiwa ashike mtoto ku mapaja, ao alipe nafasi ya pili. Mfuko wa bunga unawekwa ku njia. Na mtu wa magongo akifika, kijana wa kukusanya makuta anaangalia pembeni, sababu kupanda kwake kunakula dakika na magongo yake yanakula nafasi. Mwenye kinga ya walemavu, ile ya mapine tatu, huyo hata hasimami kungojea bisi. Anapiga njia kwa mikono yake mpaka soko.

Si kwamba sheria hatuna. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika artikle ya 49, inasema wazee na walemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu, na mapatano yale yanataja wazi mambo ya usafiri. Tena tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuinua haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni kile majuji wa London walitafuta: mtu anayejulikana, mwenye kazi ya kusema "sogeeni, huyu anapanda", na kungojea mpaka asogewe.

Mtu huyo hawezi kuwa mlemavu mwenyewe. Akipigana peke yake kila asubuhi, atachoka na kubaki nyumbani, na nyumba nzima itaanguka pamoja naye. Mwanaume aliyeumia ku mine anahitaji kwenda ku hospitali, ku ofisi ya pension, ku masomo ya kazi mpya. Kama hapandi bisi, hivyo vyote vinafungwa. Wala mama asiachiwe mzigo wa kutoa nafasi peke yake, wakati wanaume wane wenye nguvu wamekaa nyuma yake wanaangalia simu.

Basi tunapendekeza mambo matatu yasiyoomba makuta mingi. La kwanza, vyama vya mashofere vikubaliane kwamba kiti cha karibu na mlango ni cha mwenye magongo kwanza, kisha mama mwenye mtoto ao mimba, kisha mzee. Na shofere ndiye anatangaza, si msafiri. La pili, makampuni ya mine yanayokodi mabisi ya kupeleka wafanyakazi yaandike ndani ya mkataba hesabu ya nafasi za walioumia kazini, na syndicat iulize kila mwaka kama nafasi zile ziko kweli ao ziko paka ku karatasi. La tatu, sisi wasafiri wenye miguu mizima tusingoje kuombwa.

Hili la tatu ndilo rahisi kuanza kesho asubuhi. Lakini msilisahau la kwanza na la pili, sababu roho nzuri inachoka saa ya jioni, bisi ikijaa na kila mtu akitaka kufika kwake.