Longonot Si Kilele Kimoja: Soma Hii Kabla Uzunguke Kreta

Wasee wengi wakifika ukingo wa Longonot hupiga selfie na kudai wamemaliza mlima. Zii! Hapo umetembea kama kilomita 3 tu kutoka geti. Kazi yenyewe ni kuzunguka kreta, kilomita 7 hivi, na si tambarare: unapanda kilele, unashuka, unapanda kingine. Hata jina lilitoka kwa Wamaasai, Oloonong'ot, yaani mlima wa migongo mingi.

Kile kirefu zaidi kinaitwa Kilele Ngamia, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Ukiwa huko Ziwa Naivasha unaliona lote pale chini, na uchovu unasahau kidogo.

Sasa mbona watu huishiwa nguvu? Huko juu hakuna maji, kivuli ni kidogo na vumbi linateleza. Halafu ukifika nusu ya mzunguko hakuna shortcut. Kurudi na kuendelea ni umbali ule ule.

Kwa hivyo amua ukiwa bado pale ulipofikia ukingo. Kama saa sita imepita ama chupa imebaki nusu, shuka tu buda. Mlima hauendi mahali.