Namba ya CD4 na Mpangilio wa Utando wa Seli T

Mgonjwa anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo, iwe Kibaha ama Kisarawe, huipokea namba ya CD4 kama mwanafunzi apokeavyo alama za mtihani. Ikipanda, hufurahi, ikishuka chini ya 200, huambiwa kuwa ugonjwa umefikia hatua ya juu. Namba hiyo huhesabu seli T zenye protini ya CD4 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Haielezi jinsi seli hizo zinavyofanya kazi, nayo kazi hiyo huanzia kwenye utando.

Utando wa seli si ukuta mkavu. Ni tabaka mbili za mafuta ambamo protini huelea na kusogea. Atazamaye mchuzi wa nazi huona matone ya mafuta yakikusanyika hapa na kuachana pale. Katika utando vilevile, kolesteroli na baadhi ya mafuta huelekea kukaa pamoja na kuvuta protini fulani. Kai Simons na Elina Ikonen waliieleza dhana hiyo mwaka 1997, na ukubwa wa mikusanyiko hiyo ungali ukijadiliwa. (Kolesteroli hii isichanganywe na ile ipimwayo katika damu, mgonjwa hana sababu ya kuacha mayai kwa ajili yake.)

Kipokezi cha seli T hakina kimeng'enya chake chenyewe. Kinapogusa kipande cha kijidudu kilichobebwa na seli nyingine, hakiwezi kupeleka taarifa ndani mpaka kimeng'enya kiitwacho Lck kikitie alama za fosfeti. CD4, iliyoshikamana na Lck upande wa ndani, husaidia kukifikisha hapo. Jirani yake imo CD45, protini ndefu iwezayo kufuta alama hizo. Seli mbili zinapokaribiana hadi takribani nanomita 15, CD45 haienei katika nafasi hiyo nyembamba, hivyo husukumwa pembeni. Kifutio kikiondoka, alama hudumu, na seli huamka. Protini ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali zilipokaa.

Virusi vya UKIMWI huuvuruga mpangilio huo. Huingia kwa kuishika CD4 yenyewe, na virusi vipya hupendelea kutokea kwenye sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi. Protini yao iitwayo Nef huiondoa CD4 juu ya utando na kuizuilia Lck ndani, isifike penye mguso. Seli iliyoambukizwa yaweza kuwa hai, lakini ikawa kiziwi.

Kwa hiyo namba nzuri si ruhusa ya kupumzisha dawa. Jambo hilo lilipimwa: utafiti wa SMART, uliochapishwa mwaka 2006, uliwahusisha watu 5,472. Baadhi yao walisimamisha dawa CD4 ilipozidi 350, wakazianza tena iliposhuka chini ya 250. Kundi hilo lilipata magonjwa nyemelezi na vifo zaidi kuliko waliomeza dawa mfululizo. Mwaka 2016 Tanzania ilianza kumpa dawa kila aliyegundulika kuwa na maambukizi, bila kungoja CD4 ishuke. Ndiyo maana mhudumu humwomba mgonjwa damu ya kupima wingi wa virusi, kwa kawaida miezi 6 baada ya kuanza dawa, hata kama CD4 yake imepanda.